Damu, Nasaba na Maradhi Kandokando ya Ziwa Viktoria

Barabara itokayo Mwanza kwenda Musoma hupita Igoma, kisha Kisesa, halafu Magu, ikiandama kwa mbali ukingo wa mashariki wa Ziwa Viktoria. Katika mwisho mmoja wa barabara hiyo, yaani katika wilaya ya Musoma, damu ya watoto na ya watu wazima ilichunguzwa katika miaka ya 1950, na hesabu zilizopatikana zimo hata leo katika vitabu vya elimu ya urithi duniani kote. Karibu na mwisho wake wa pili, katika kata ya Kisesa, mwendo mfupi tu kutoka Igoma, watu wamekuwa wakihesabiwa na kupimwa virusi vya Ukimwi tangu mwaka 1994. Uchunguzi wa kwanza ulihusu malaria, wa pili ulihusu maradhi mapya yasiyojulikana na wazee. Lakini nyuma ya yote mawili limo swali moja la tangu na tangu: watu wawili wakifikiwa na ugonjwa ule ule, kwa nini mmoja huanguka na mwenziwe husalimika? Je, sababu imo katika damu aliyozaliwa nayo, au imo katika maisha anayoyaishi?

Swali hili halikuanzia maabara. Kiswahili kilikuwa na maneno ya kulisemea kabla ya madaktari kuja na hadubini zao. Watu wa ukoo mmoja husemwa kuwa ni wa damu moja. Na methali hunena kuwa mtoto wa nyoka ni nyoka. Neno "nasaba", lililotoka katika Kiarabu, lilitaja mfululizo wa wazazi na wazazi wa wazazi, na watu wa mwambao walilitumia kwa kutambulisha heshima na haki za mtu. Wataalamu wa lugha walipotafuta jina la kile kitu kidogo mno kibebacho urithi wa mwili, wengine walichukua neno la kigeni wakalitamka "jeni", na wengine waliliendea neno hilo la kale, wakalitia kiambishi, likawa "kinasaba", na kwa wingi "vinasaba". Uchaguzi huo wa pili una uzuri wake, lakini una hatari pia. Nasaba ni jambo la ukoo mzima; kinasaba ni jambo la mtu mmoja mmoja, kwa kuwa mtoto hupewa nusu na baba na nusu na mama, na ndugu wa tumbo moja huweza kuhitilafiana. Asemaye kwamba ukoo fulani, au kabila fulani, "lina vinasaba" vya namna fulani, huwa amekwisha kuyachanganya mambo mawili. Historia ya uchunguzi wa damu kandokando ya Ziwa ni, kwa sehemu kubwa, historia ya mchanganyiko huo na ya jitihada za kuuondoa.

Mwaka 1949 Anthony Allison, kijana aliyezaliwa Afrika Kusini na kulelewa Kenya, alikuja na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford uliokwenda Mlima Kenya. Kazi yake ilikuwa kukusanya damu ya watu wa makabila mbalimbali ili kujua uhusiano wao. Katika kuichunguza aliona jambo ambalo hakulitazamia. Wako watu ambao baadhi ya chembe zao nyekundu za damu, zikikosa hewa, hujikunja zikafanana na mundu wa kuvunia. Watu wa namna hiyo walikuwa wengi katika mwambao wa bahari na katika pwani za Ziwa Viktoria, kiasi cha kuzidi 20 katika kila mia. Lakini katika nyanda za juu, kwenye baridi, hawakufika hata mmoja katika mia. Mwaka huo huo Lehmann na Raper walitangaza habari za Uganda, ambako kati ya Wabaamba walio magharibi ya nchi hiyo watu wapatao 45 katika mia walikuwa na hali hiyo. Nao Neel na Beet, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha jinsi inavyorithiwa: aliyepata kinasaba hicho kwa mzazi mmoja tu huishi bila taabu kubwa, bali aliyekipata kwa wazazi wote wawili hupata ugonjwa ambao Kiswahili cha sasa huuita selimundu, ambao zamani uliwaua watoto wengi kabla hawajakua.

Hapo palikuwa na fumbo. Kinasaba kinachoua watoto kingepaswa kupungua kizazi baada ya kizazi mpaka kiishe. Kwa nini basi kimeenea hivyo, na kwa nini kando ya maji tu? Allison alifikiri kwamba jibu ni malaria, kwa sababu mbu hustawi palipo joto na maji, si milimani. Mwaka 1953 alirudi, akawapima watoto 290 huko Uganda. Miongoni mwa watoto 43 wenye kinasaba kimoja cha selimundu, 12 walikuwa na vijidudu vya malaria katika damu. Miongoni mwa 247 wasio nacho, walikuwa 113. Kwa maneno mengine, wa kwanza walikuwa 28 katika mia, na wa pili 46. Kisha watu wazima 30 wa Kijaluo waliojitolea walitiwa vijidudu vya malaria: katika 15 wenye kinasaba hicho ni wawili tu walioshikwa, na katika 15 wengine walishikwa 14. Jaribio la namna hii lisingeruhusiwa kwa urahisi leo, na ni haki kukumbuka kwamba ujuzi huu ulilipiwa na miili ya watu ambao majina yao hayamo vitabuni. Matokeo yalitangazwa mwaka 1954.

Ndipo ilipofika zamu ya Musoma. Katika hesabu alizozitoa mwaka 1956, Allison aliwalinganisha watoto wachanga na watu wazima wa wilaya ile. Watoto walikuwa 287: kati yao 189 hawakuwa na kinasaba cha selimundu, 89 walikuwa nacho kimoja, na 9 walikuwa navyo viwili. Watu wazima walikuwa 654: 400 hawakuwa nacho, 249 walikuwa nacho kimoja, na 5 walikuwa navyo viwili. Kwa hiyo wenye kinasaba kimoja walikuwa 31 katika mia miongoni mwa wachanga, lakini walifika 38 katika mia miongoni mwa wakubwa. Wenye viwili walipungua kutoka watatu katika mia hadi chini ya mmoja. Maana yake ni nzito. Kati ya kuzaliwa na kukua, mauti yalikuwa yamechagua: yamewachukua wenye viwili kwa ugonjwa wa damu, yamewachukua wengi wasio nacho kwa malaria, na yamewaachia nafasi wale wa katikati. Kinga ya jamii nzima ilikuwa imenunuliwa kwa vifo vya baadhi ya watoto wake. Hakuna mfano ulio wazi kuliko huu, popote duniani, wa tofauti ya urithi kuamua nani ataugua na nani hataugua.

Na hapa pana jambo la kuzingatia. Allison alianza kwa kutafuta makabila, akaishia kwa kukuta mbu. Wajaluo wa pwani ya Ziwa na watu wa mwambao wa bahari hawana lugha moja wala asili moja, lakini walifanana katika selimundu, kwa kuwa walifanana katika malaria. Mipaka ya kinasaba haikufuata mipaka ya kabila. Ilifuata mipaka ya ugonjwa.

Miaka thelathini baadaye ugonjwa mwingine ukaingia kwa upande wa magharibi ya Ziwa. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa Tanzania walitambuliwa katika mkoa wa Kagera, na kufikia mwaka 1986 mikoa yote ya Bara ilikuwa imetoa habari za wagonjwa. Watu wa Uganda waliuita kwa neno la Kiingereza la kukonda, "slim". Watu wa Kagera waliuita Juliana, jina la nguo iliyopendwa wakati ule. Usafiri wa biashara kati ya Bukoba na Mwanza ulikuwa mwingi, kwa meli na kwa magari, na ugonjwa ulisafiri pamoja na wasafiri. Ukubwa wa mwendo huo wa watu ulidhihirika kwa msiba mwingine: meli ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996 ikielekea Mwanza, mamia ya watu walikufa, na wengi wao wamezikwa katika makaburi ya pamoja hapo Igoma.

Jina la Kiswahili lililokuja kushinda mengine lilitungwa kwa kuchukua vipande vya maneno "upungufu wa kinga mwilini", likawa Ukimwi. Lugha ililipokea kwa wepesi, kwa kuwa lilianza na "u" kama majina ya hali nyingi, likachukua upatanisho wake bila shida: Ukimwi umeingia, Ukimwi unaua. Vivyo hivyo neno "virusi", lililokuja na mwanzo uliofanana na wingi wa Kiswahili, lilizaa umoja wake lenyewe, "kirusi". Watu wa mitaani nao walitunga yao: aliyeambukizwa husemwa kuwa "amekanyaga miwaya". Katika maneno haya yote, lenye uzito kuliko mengine ni "kinga". Mtu akiambiwa kwamba maradhi ni upungufu wa kinga, huuliza mara moja: je, hakuna waliozaliwa na kinga ya ziada?

Swali hilo lilijibiwa kwa mara ya kwanza katika Afrika ya Mashariki yenyewe. Huko Majengo, katika mtaa wa Pumwani mjini Nairobi, madaktari wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa Manitoba, Kanada, miongoni mwao Francis Plummer, pamoja na muuguzi Elizabeth Ngugi, walikuwa wakiwatibu wanawake waliojipatia riziki kwa kuuza miili yao. Kati ya mwaka 1985 na 1994 waliandikishwa wanawake 424 ambao mwanzoni hawakuwa na virusi; katika muda huo 239 waliambukizwa. Lakini wachache waliendelea miaka mingi bila kuambukizwa, ingawa walikutana na hatari sawa na wenzao. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 1996, ambao mwandishi wake wa kwanza alikuwa Keith Fowke, ulionyesha kwamba jambo hilo haliwezi kuelezwa kwa bahati tu. Baadaye ilionekana kwamba wanawake wenye aina fulani za vinasaba viitwavyo HLA, ambavyo husaidia mwili kumtambua adui aliyeingia ndani ya chembe zake, walikuwa na hatari iliyopungua.

Mwaka huo huo wa 1996 wataalamu wa Marekani na Ulaya waligundua jambo lililo wazi zaidi. Virusi, ili viingie katika chembe nyeupe za damu, huhitaji milango miwili, na mmoja wao huitwa CCR5. Wako watu ambao kinasaba cha mlango huo kimepungukiwa na sehemu yake, na aliyerithi upungufu huo kwa wazazi wote wawili hana mlango. Virusi vya kawaida humkuta amefungwa. Katika Ulaya watu wa namna hiyo hukaribia mmoja katika mia. Timothy Ray Brown, Mmarekani aliyekuwa akiishi Berlin, alitiwa uboho wa mtu wa namna hiyo mwaka 2007 kwa ajili ya saratani ya damu, akapona Ukimwi pia. Alifariki mwaka 2020 kwa saratani ile, si kwa Ukimwi. Lakini upungufu huo karibu haupo kabisa miongoni mwa Waafrika. Wanawake wa Majengo hawakuwa nao. Basi waliosalimika Nairobi walisalimika kwa njia nyingine, na aliyetaka kuieleza Afrika kwa ugunduzi wa Ulaya alijikuta hana la kusema.

Uchunguzi uliofuata umeonyesha njia nyingi ndogo badala ya moja kubwa. Aina ya HLA iitwayo B57 huwasaidia walioambukizwa kuzuia virusi visizidi, kwa Waafrika na kwa wengine. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba tofauti fulani karibu na kinasaba CHD1L, inayopatikana kwa watu wenye asili ya Kiafrika, huenda pamoja na kiasi kidogo cha virusi katika damu. Ugunduzi huo ulichelewa kwa sababu rahisi: kwa miaka mingi damu iliyosomwa zaidi ilikuwa ya watu wenye asili ya Ulaya, na kisichotafutwa hakionekani.

Lakini pia yamekuwako matangazo ya haraka. Waafrika walio wengi, wa magharibi hata mashariki, hawana alama ya damu iitwayo Duffy, na kwa kukosa alama hiyo hawashikwi kwa urahisi na aina moja ya malaria. Mwaka 2008 ilitangazwa kwamba ukosefu huo huo huongeza hatari ya kuambukizwa virusi vya Ukimwi, na ikasemwa kwamba huenda jambo hili linaeleza sehemu ya wingi wa Ukimwi barani Afrika. Habari ilienea upesi. Wengine walipolirudia jambo hilo mahali pengine hawakuuona uhusiano huo, na walionya kwamba katika watu waliochanganyika asili, alama ya damu huweza kuwa ishara tu ya nani ni maskini, anaishi wapi, na anachanganyika na nani. Kosa lilikuwa lile la kale: kulitazama bara zima kana kwamba ni ukoo mmoja, na kuitafuta katika damu sababu ambayo haijatafutwa kwanza katika maisha.

Kwa upande wa maisha, Mwanza ilitoa ushahidi mkubwa. Kati ya mwaka 1991 na 1994 jumuiya 12 za vijijini mkoani zililinganishwa mbili mbili. Katika sita, zahanati zilisaidiwa kutibu vizuri magonjwa mengine ya zinaa, kama kaswende na kisonono. Katika sita nyingine huduma hiyo ilingoja mpaka mwisho wa uchunguzi. Baada ya miaka miwili, walioambukizwa virusi vya Ukimwi upya walikuwa 1.2 katika mia kwa upande wa kwanza, na 1.9 kwa upande wa pili. Maambukizo mapya yalipungua kwa kiasi cha 40 katika mia, bila kinasaba cha mtu yeyote kubadilika. Kadhalika tohara. Wasukuma na Wajaluo kwa desturi yao ya asili hawakuwa wakitahiri wanaume, na makabila mengine yalitahiri. Tofauti ambayo mtu angeweza kudhani ni ya damu ilikuwa, kwa sehemu, ya jando. Majaribio ya Kisumu na Rakai, yaliyotangazwa mwaka 2007, yalionyesha kwamba tohara hupunguza hatari ya mwanamume kwa kiasi cha nusu.

Kwa nini basi selimundu imeandika alama kubwa hivi katika watu wa Ziwa, na Ukimwi haujaandika? Jibu ni muda. Malaria imekaa na watu wa nchi hizi kwa maelfu ya miaka, na katika muda huo mauti yamepata nafasi ya kuchagua vizazi kwa vizazi. Virusi vya Ukimwi vilivyoenea duniani vilianza safari yao miongoni mwa binadamu katika Afrika ya Kati mwanzoni mwa karne ya 20, na kandokando ya Ziwa Viktoria vimeonekana kwa muda wa vizazi viwili tu. Tofauti za damu zipo, na humsaidia huyu zaidi ya yule; lakini hazikuwekwa hapo na Ukimwi, wala hazitoshi kuwa ngao. Wanawake wa Majengo wenyewe walilithibitisha hilo kwa huzuni. Baadhi ya wale walioitwa wenye kinga, walipopunguza kazi yao kwa muda, waliambukizwa baadaye. Kinga yao haikuwa hirizi ya kuzaliwa nayo tu. Ilikuwa pia kazi ya mwili uliokuwa ukikutana na adui mara kwa mara.

Kwa hiyo maneno hayana budi kuangaliwa. Mwalimu, muuguzi au mwandishi wa gazeti asemaye "fulani ana kinga ya Ukimwi" husema neno linaloweza kuua. Mume na mke wakipimwa, mmoja akakutwa na virusi na mwingine asikutwe, jambo ambalo hutokea mara nyingi, aliyesalimika huweza kujidhania kuwa damu yake ni ya namna nyingine, aache kujilinda. Bora kusemwa kwamba hatari yake imepungua, au kwamba bado hajaambukizwa. Na kitenzi "kurithi" kinataka hadhari zaidi, kwa kuwa katika nchi za Ziwa hakirithiwi kitu tu: ziko koo ambazo mjane alirithiwa na ndugu wa marehemu. Mtu akisikia kwamba Ukimwi "unahusiana na urithi", aweza kuelewa kwamba ni ugonjwa wa ukoo, na mjane akalaumiwa au akaogopwa kwa nasaba yake. Au kinyume chake, shemeji akamrithi kwa kutumaini kwamba damu yake ni safi. Virusi haviulizi nasaba. Kinachorithiwa ni uwezo mdogo au mkubwa wa mwili kupambana. Ugonjwa wenyewe huambukizwa.

Historia hizi mbili zimekutana hatimaye katika hospitali ya Bugando, mjini Mwanza. Matone ya damu yaliyokaushwa juu ya karatasi, yaliyochukuliwa kwa watoto wachanga waliozaliwa na mama wenye virusi ili kujua kama wameambukizwa, yalipimwa mara ya pili kutafuta selimundu. Katika habari zilizotangazwa mwaka 2020, watoto waliopimwa kwa njia hiyo kutoka mikoa ya kaskazini magharibi ya Tanzania walizidi 17,000: mmoja katika kila watano alikuwa na kinasaba kimoja cha selimundu, na zaidi ya mmoja katika mia alikuwa na ugonjwa wenyewe. Zamani mtoto wa Musoma mwenye vinasaba viwili alihesabiwa, akaandikwa, akafa. Mtoto wa leo akitambuliwa mapema huweza kupewa dawa na kuishi, na mtoto wa mama mwenye virusi huweza kuzaliwa, akanyonyeshwa na asiambukizwe, mama yake akitumia dawa. Tone moja la damu lasoma mambo mawili: lile aliloachiwa mtoto na wazee wake wa kale kwa sababu ya mbu, na lile ambalo wazazi na madaktari wake wanaweza kumwepusha nalo sasa.